Mrija wa Kuka na Pampu ya Baiskeli

Juzi nilipita Burumba nikienda kununua sabuni, nikasimama ghafla njiani kama mtu aliyeitwa jina. Fundi mmoja wa baiskeli alikuwa amefungua solusheni, anaipaka kwenye tyubu, na nyuma ya ua wa mabati mama fulani alikuwa anakaanga unga wa pombe ya busaa. Harufu hizo mbili, ile kali ya gundi inayopanda puani na ile ya unga uliochacha ukigeuka rangi motoni, zikanipata kwa pamoja. Ni miaka mingi sijazisikia pamoja. Fundi akaniuliza, "Mama, uko sawa?" Nikamjibu niko sawa. Uongo mtupu. Nilikuwa nimerudi kuwa msichana wa miaka kumi na miwili, nimeshika kisu cha mama yangu, na mbele yangu umelala mrija wa babu.

Nyinyi wa rika langu mnaujua mrija ninaousema. Vijana wa leo ukiwatajia mrija wanafikiria kile kiplastiki cha kunywea soda. Aa, wapi! Ninasema ule mrija wa wazee, oluseke, uliotengenezwa kwa mtambaazi wenye uwazi ndani, mrefu kuliko mtu akisimama, na ncha yake ya chini imefungwa kichujio kilichosukwa ili makapi yasipande. Wazee walikaa kuzunguka chungu kimoja cha busaa, kila mmoja amerudi nyuma kwenye kiti chake, na mirija imeinama yote kuelekea katikati. Kila mzee na wake. Hukopi wa mwenzako, huuruki, huuchezei. Watoto tulijua hivyo kabla hatujajua kuhesabu.

Kuka, ndivyo tulivyomwita babu, aliuweka wake ndani ya ala ya mwanzi, juu ya mlango wa nyumba yake. Alikuwa mzee mfupi, mwenye maringo, asiyependa kuulizwa kitu mara mbili. Baba alikuwa akifanya kazi Jinja na kuja nyumbani mara mojamoja, kwa hiyo neno la Kuka ndilo lilikuwa neno.

Sasa, shule yetu ya kijijini ilikuwa na madarasa manne tu. Bendera mpya ilikuwa bado haijachuja, kila mtu anaimba habari ya kusoma, lakini ukimaliza la nne ulikuwa umefika mwisho wa barabara. Darasa la tano lilikuwa Butula, maili saba kutoka kwetu. Wavulana walikwenda kwa miguu, kundi zima, wanatoka alfajiri. Mimi nilikuwa nimepita mtihani vizuri kuwashinda wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja bado nina shaka naye. Lakini nilikuwa msichana, na peke yangu.

Nilimwendea Kuka nikapiga magoti kama inavyotakiwa. Nikamwambia nataka kwenda Butula.

"Kwa miguu?" akauliza.

"Ndiyo, Kuka."

"Maili saba kwenda, saba kurudi, mvua ikinyesha uko wapi? Kwenye miwa ya nani? Hapana."

"Basi nitakwenda na baiskeli."

Hapo akacheka. Baiskeli yenyewe ilikuwa yake. Aliinunua Tororo enzi za ujana wake, alipokuwa akibeba marobota ya pamba, na tangu goti lake liharibike alikuwa ameiegemeza nyuma ya jiko. Kuku wawili walikuwa wakitaga kwenye keria. Cheni ilikuwa imeshikana kwa kutu, pedali ya kushoto haizunguki, matairi yamelala chini.

"Sikiliza, Nabwire," akasema. "Siku ile utakapoitengeneza wewe mwenyewe, kwa mikono yako, ikatembea mpaka sokoni na kurudi bila kusukumwa, siku hiyo utakwenda Butula. Nisione fundi hapa. Na kama shule zitafunguliwa kabla haijatembea, nisisikie tena habari hii."

Alisema hivyo ili kunifunga mdomo. Leo ninajua. Siku ile sikujua, nikasema, "Asante, Kuka," nikainuka na kwenda moja kwa moja kuwafukuza kuku. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Jamani, sikujua chochote. Nilikuwa sijawahi kushika spana. Nilidhani baiskeli ni kitu kimoja, kama ng'ombe, kumbe ni vipande mia na kila kipande kina kinyongo chake. Cheni niliiloweka kwenye mafuta ya taa ndani ya sufuria kuukuu, na mama akanigombeza kwa sababu ya mafuta, halafu kesho yake nikakuta ameongeza mengine. Mama alikuwa hivyo. Hakupinga neno la Kuka hata siku moja, lakini vitu vilikuwa vikiongezeka vyenyewe.

Pedali ya kushoto ndiyo iliyonitoa machozi. Nilivuta spana kwa nguvu zote, nikailalia, nikaipanda kwa miguu, na kila nilipofungua ikazidi kukaza. Siku ya tatu nikachukua mayai sita, nikatembea mpaka Burumba kwa Mzee Ramadhani, fundi wa baiskeli, Mwislamu aliyetoka upande wa Uganda na kuhamia kwetu. Kuka alikataza fundi kuja nyumbani. Hakusema mimi nisiende kwa fundi.

"Nyabo," Mzee Ramadhani akasema baada ya kunisikiliza, akiniita bibi kwa desturi ya kwao, "ya kulia unafungua kama kawaida. Ya kushoto unafungua kinyume."

"Kwa nini?"

"Ndivyo ilivyozaliwa. Wewe fungua tu kinyume."

Nilirudi nyumbani nikiwaza, na njiani nikapata jibu langu. Baiskeli ilinunuliwa Tororo. Tororo ni Uganda. Basi upande mmoja wa baiskeli unafuata sheria za Kenya na upande mwingine wa Uganda. Pedali ikafunguka, na kwangu huo ukawa ushahidi tosha. Niliamini hivyo kwa miaka mingi na hata nilibishana na wavulana darasani, na mpaka leo naona sababu yangu ilikuwa nzuri kuliko ile ya kweli.

Mzee Ramadhani alinipa solusheni kidogo kwenye kifuniko cha chupa, na kipande cha tyubu ya zamani cha kukata viraka. Alinifundisha kukwangua mpira kwa bati lililotobolewa misumari, kupaka, kungoja, kupaka tena. "Usiwe na haraka. Ukiona bado inang'aa, ngoja," alisema. Nikabandika viraka kumi na kimoja kwenye tyubu mbili. Kila tundu nililitafuta kwa kuzamisha tyubu kwenye beseni na kutazama mapovu.

Lakini tyubu haijai kwa viraka. Inataka upepo. Kuka alikuwa na pampu yake ya zamani, nzima kabisa, ila ule mpira mfupi unaotoka kwenye pampu kuingia kwenye valvu ulikuwa umeoza na kupotea. Mzee Ramadhani hakuwa nao. Alisema unatoka Kampala, labda mwezi ujao, labda mwingine. Wa pampu yake mwenyewe hakuweza kunipa, ndio alioutegemea kazini. Akanijazia tyubu kwa pampu yake, nikazibeba shingoni mpaka nyumbani kwa furaha, na kufikia jioni zilikuwa zimelegea. Valvu zilikuwa za zamani, zinapumua polepole. Baiskeli hii ingetaka kujazwa kila asubuhi. Bila pampu hakuna Butula.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

Nilijaribu bua la mpapai, likapasuka. Nilijaribu kukaza pampu kwenye valvu kwa matambara, upepo ukatoka wote pembeni. Nikakaa chini nyuma ya jiko, nikafikiri kwa hasira. Nilihitaji kitu chembamba, kirefu kidogo, chenye uwazi ndani, kinachopindika. Na hapo, Mungu anisamehe, nikakumbuka kitu kilichoko juu ya mlango wa Kuka. Nikawaza: kama busaa inaweza kutoka chini ya chungu, ikapanda mrija wote ule, ikafika kwenye mdomo wa mzee mwenye meno manne, upepo utashindwaje kwenda shibiri mbili?

Kuka alikuwa ameenda kumtazama mgonjwa. Nilipanda kwenye kiti, nikatoa mrija kwenye ala. Ulikuwa mwepesi, umekauka, unang'aa kwa miaka ya mikono yake. Nilipima kutoka upande wa mdomo, sio upande wa kichujio, nikijiambia kwamba mrija mrefu vile hautajua umepungua. Nikakata kipande cha urefu wa kiganja mpaka kiwiko. Nikaurudisha uliobaki kwenye ala, nikashuka, nikaweka kiti mahali pake. 

Nilikifunga kipande kwa kanda za mpira nilizokata kwenye ile tyubu ya zamani, ncha moja kwenye pampu na nyingine kwenye valvu. Nikasukuma mara moja. Tyubu ikasogea! Nikasukuma mara ya pili. Mara ya tatu ikasikika sauti kama kuni ikipasuka, na mrija ukafunguka kutoka mwanzo mpaka mwisho kama ganda la njugu.

Sikulia. Niliogopa sana kiasi cha kusahau kulia. Nilikizika kile kipande kwenye jivu.

Jumamosi yake kulikuwa na busaa kwa Mzee Okumu, jirani yetu na rafiki wa Kuka tangu utotoni. Mama alinituma kupeleka kuni, kwa hiyo niliona kila kitu. Wazee walikuwa kama kumi, wamezunguka chungu. Kuka akafika, akasalimia, akakaa kwenye kiti chake palepale anapokaa siku zote. Akatoa mrija. Akautumbukiza, akainamisha mdomo, na mdomo ukakosa kitu. Akainama zaidi. Akasogeza kiti. Akasogeza tena. Wazee wakatulia wote wakimtazama.

"Wewe," akasema Mzee Okumu, "leo umekuja kunywa au umekuja kukibusu chungu?"

Kicheko kilichopasuka pale bado nakisikia. Kuka aliinua mrija machoni, akaitazama ile ncha iliyokatwa na kisu butu. Halafu akageuka polepole na kunitazama mimi pale na mzigo wangu wa kuni. Sijui alijuaje. Labda uso wangu ulishasema.  Akasogeza kiti mara ya tatu mpaka magoti yake yakakaribia chungu, akanywa hivyohivyo wenzake wakiendelea kumcheka.

Usiku ule sikula. Kesho yake asubuhi aliniita. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa fimbo, na nikwambie ukweli, fimbo ningeipokea kwa shukrani. Alikuwa ameketi nje, mrija umelala kwenye mapaja yake.

"Kipande kiko wapi?"

Nikaenda kukifukua kwenye jivu, nikamletea. Akakigeuzageuza.

"Ulikifanyia nini?"

Nikamweleza yote, pampu, mpira wa Kampala, bua la mpapai. Nilipofika kwenye upepo na busaa, alikunja uso kwa namna nisiyoielewa. Nikadhani ndiyo hasira inakuja.

"Watu wamenicheka jana," akasema. "Mimi. Mbele ya Okumu. Wameuliza nani aliyenikatia mrija, nikanyamaza. Sasa niambie: baiskeli imetembea?"

"Hapana, Kuka."

"Kwa hiyo nimekatiwa mrija bure?"

Nikafuta jivu vidoleni.

"Nimekuuliza. Nimekatiwa bure?"

"Hapana, Kuka," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Itatembea."

 Akasema, kwa ukali uleule, "Nani alikwambia mrija unafanya kazi ukiwa mkavu? Hujaona wazee wakiuloweka? Mkavu unapasuka hata kwa mdomo, sembuse pampu. Lete maji."

Nikaleta maji kwenye karai. Akauzungusha mrija wote humo, taratibu, kama anayeosha mtoto, akauacha mpaka jua lilipopanda. Akautoa, akaupinda kidogo, ukakubali. Kisha akaomba kisu. Nilimletea nikidhani anataka kukwangua ile ncha mbaya. Akapima kutoka kiganja chake mpaka kiwiko chake, na mkono wake ulikuwa mrefu kuliko wangu. Akakata.

"Kuka!" nikapiga kelele.

"Shika huku. Na huo mpira uuzungushe kipande kizima, sio ncha tu. Kaza. Nimesema kaza!"

Tulifunga pamoja, yeye ameshika, mimi ninazungusha, mpaka mrija haukuonekana tena ndani ya ule mpira mweusi. Nikasukuma pampu. Ulivuja kidogo, ukanung'unika, lakini tyubu ikainuka. Tairi likajaa, nikalibonyeza kwa dole gumba, likawa gumu. Nikapiga kigelegele peke yangu nyuma ya jiko. Kuka aliinuka akaondoka bila kutazama nyuma, na uliobaki wa mrija wake ulikuwa chini ya kwapa, mfupi kiasi cha kuonewa huruma.

Siku zilizobaki nilijifunza kuendesha kwa kuanguka. Ilikuwa baiskeli ya kiume, na mimi sikufika kwenye kiti, kwa hiyo nilipitisha mguu chini ya mtaimbo na kuendesha nimejikunja upande mmoja, kama tulivyofanya sote. Magoti yangu yana alama mpaka leo. Jumatano kabla ya shule kufunguliwa nikapiga moyo konde, nikajaza matairi kwa ule mrija, nikaenda sokoni, nikazunguka pale kwenye wauza samaki ili wanione, nikarudi. Sikusukuma hata kwenye kile kilima cha mtoni. Kifua kiliniwaka moto, nikasema afadhali nife juu yake kuliko kushuka.

Kuka alikuwa amekaa mbele ya nyumba. Alitazama matairi, sio mimi.

"Jumatatu uamke mapema," akasema.

Basi nikasoma Butula. Kila alfajiri kabla ya kutoka nililoweka kile kipande kwenye kikombe cha maji, nikajaza matairi, nikakifunga kwenye keria na pampu, nikaenda nacho kwa sababu jioni kilihitajika tena. Mpira wa Kampala uliletwa mwaka uliofuata, lakini nilikuwa nimeshazoea wangu.

Kitu kimoja ndicho kilichoninyima raha. Kuka aliendelea kwenda kwenye busaa na ule mrija mfupi. Kila Jumamosi nilimwona akitoka nao, na nilijua atakwenda kukaa karibu na chungu, ameinama, huku wenzake wamejinyoosha kwa starehe. Niliona aibu mpaka nikatamani kujificha. Likizo ya kwanza nilikwenda mtoni nikakata mtambaazi mzuri kabisa, mrefu, mnyoofu, nikaukausha kivulini, nikamwomba mama ausukie kichujio, nikampelekea Kuka nimepiga magoti. Akaupokea. Akasema, "Ni mzuri." Akautundika ukutani, na hakuutumia hata siku moja. Jumamosi iliyofuata akatoka na ule mfupi.

Nikaelewa kwamba hajanisamehe. Niliishi na hilo miaka yote ya shule, nikawa mwalimu kule Nangina nalo, nikaolewa nalo. Kila niliporudi nyumbani na zawadi, blanketi, sukari, koti, jicho langu lilikwenda kwanza juu ya mlango.

Alipofariki, tulikutana siku ya kugawa vitu vyake. Koti likaenda kwa baba, ng'ombe wakasemwa, viti vikasemwa. Mzee Okumu, ambaye sasa alikuwa anatembea na fimbo mbili, ndiye aliyetoa ile ala ya mwanzi. Mrija wa mzee hupewa mwanamume wa nyumba, na binamu zangu wawili walishasogea mbele. Mzee Okumu akawapita, akaja mpaka nilipokaa na wanawake wenzangu kwenye mkeka, akaniwekea mapajani.

"Alisema apewe aliyeukata," akasema.

Watu wakaguna. Mimi nikainamisha kichwa. Nikajua hata kaburini ameniwekea deni lile. Nikamwambia Mzee Okumu, machozi yananitoka, "Nilimletea mwingine. Mrefu. Hakutaka."

"Mimi pia nilimkatia mwingine. Mara mbili," akasema Mzee Okumu. "Tulimwambia, wewe mzee, mgongo wako utavunjika kwa kuinama. Akakataa. Unajua kwa nini? Huo mfupi lazima mtu auulizie. Kila mgeni aliyekaa kwenye chungu kile aliuliza, mzee, mbona mrija wako nusu, nusu nyingine iko wapi? Na yeye alikuwa anangoja hilo swali tu. Anaacha kunywa, anajipangusa mdomo, anatazama watu wote kwanza."

"Anasema nini?"

Mzee Okumu akajaribu kuinyoosha shingo yake kwa maringo kama Kuka.

"Anasema, 'Nusu nyingine iko Butula. Inasoma.'"